Mashine Kwenye Paa la Uwele

Singida ikifika mwezi wa saba, hata mbuzi husimama ukutani kuota jua. Ndiyo maana habari za kufunga kiyoyozi kwenye jengo la baba mkubwa zilipofika sokoni, watu walicheka bila kujificha. Muuza mitumba mmoja aliniuliza kama nimekosa kazi kabisa mpaka nakwenda kuwaongezea watu baridi. Nikamwambia auze masweta yake aniache. Sikuwa na subira ya kumweleza kila mtu kwamba mashine ile hutoa baridi na hutoa joto pia, na kwamba wapangaji waliokuwa wanakuja ni watu wa Dar es Salaam, ambao asubuhi ya Singida kwao ni adhabu.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Kampuni za simu za mkononi zilikuwa zinagombania miji, na moja ilitaka kupanga vyumba vinne vya mbele kwenye ghorofa ya baba mkubwa. Meneja wao alitoa masharti mawili. La kwanza, kila chumba kiwe na kichwa chake cha hewa ukutani, vyote vikilishwa na mashine moja kubwa juu ya paa. La pili, mlango wa kwenda juu ya paa ufungwe kwa kufuli, asipande mtu ila fundi.

Fundi ni mimi. Nilikuwa mwanamke pekee mjini niliyebeba gesi na mabomba ya shaba kwenye baiskeli, na nilishazoea kuulizwa fundi mwenyewe yuko wapi. Sharti la kwanza nililiweza. La pili ndilo lililoninyima raha, kwa sababu juu ya paa lile ndiko mama mkubwa alikokuwa anashinda.

Huyu ni dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alizaliwa kwenye tembe huko Mtinko na akaolewa kwenye tembe. Anayelijua tembe anajua kwamba paa lake la udongo limelala bapa, na mwanamke hulipanda kila siku kama anavyoingia jikoni. Juu yake huanikwa uwele, alizeti na majani ya mlenda. Juu yake hupepetwa nafaka, na kutoka huko mwenye nyumba huona nani anakuja kabla hajapiga hodi. Baba mkubwa, mumewe, alipofanikiwa kwa biashara ya alizeti akajenga ghorofa mjini, akamhamishia vyumba vya nyuma vya juu. Wakati huo nyonga ya mama mkubwa ilikuwa imeshaanza kumsumbua. Kushuka barabarani mpaka ashikwe mkono. Lakini ngazi ya kwenda juu ya paa ilikuwa fupi, aliipanda mwenyewe akiegemea ukuta, na huko juu lilikuwa zege bapa, pana, lenye ukuta mfupi pembeni. Ndipo mahali pekee pa nje alipoweza kufika bila kumwomba mtu.

"Siku mlango huo ukifungwa," alisema mbele yangu, "mimi narudi Mtinko."

"Nenda," baba mkubwa akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa anaifungua.

Zaidi ya maneno ya namna hiyo, wazee hawa walikuwa wamefika mahali pa kuongea kwa kupitia mimi. Mwambie mama yako. Mwambie baba yako. Nilikuwa nawapenda wote wawili, na wote wawili walikuwa wananikera.

Siku ya kupandisha mashine upepo ulikuwa umeamka kabla yetu. Ngazi ya ndani ilikuwa na kona nyembamba, mashine isingepita, kwa hiyo tuliivuta kwa kamba kwa nje. Wanaume wa kubeba mizigo ya stendi walisimama juu wakivuta, wengine walikuwa chini na kamba ya kuizuia isibembee. Mama mkubwa alikuwa amekaa katikati ya paa, miguu ameinyoosha, uwele umetandazwa kwenye turubai kumzunguka. Nilimwomba asogee.

"Nisogee niende wapi?"

"Pembeni tu, mama. Kamba ikikatika?"

"Ikikatika itaangukia barabarani. Mimi siko barabarani."

Mashine ilipofika usawa wa ukuta upepo uliikamata ubavuni. Ilizunguka, ikagonga ukuta, kipande cha plasta kikaruka. Kamba ya chini ikamponyoka mtu. Ghafla lile sanduku la chuma lilikuwa linakuja ndani ya paa kwa kasi, na wavutaji wakipiga kelele, kila mmoja akitoa amri yake. Nilijitupa kwenye kamba nikaachia uzito wangu wote. Mashine ilitua kwa kishindo, pembe yake ikapasua ukingo wa turubai. Uwele ulimwagika kidogo. Nilikuwa nahema, na hasira imenipanda mpaka machoni.

Mama mkubwa alizoa uwele uliomwagika kwa kiganja, akaurudisha.

"Limeshafika," akasema. "Sasa utaliweka wapi?"

Nilimeza maneno niliyokuwa nayo. Nilijua kila mahali nitakapoweka lile dude ni mahali nitakapomnyang'anya yeye. Nikamuuliza ni sehemu gani ya paa haitumii. Alitazama zege lake lote, kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya magharibi.

"Pale. Pale sianiki kitu kamwe."

Niliona amenipa. Kwa mtu aliyekuwa anasema ataondoka, kunipa kona lilikuwa jambo kubwa, nikashukuru, nikaanza kupima.

Kwa upepo ule nilitaka kitako cha mashine kikamatwe na kitu kigumu kuliko skrubu. Baba mkubwa alikuwa amewaambia watu wote kwamba hakupiga bati kama wenzake kwa sababu ataongeza ghorofa ya pili. Watu walimcheka, maana zege bapa huvuja likikosa matunzo, lakini msimamo wake ulikuwa huo. Sasa jengo lililoachwa kusubiri ghorofa hulijua kwa nondo: huchomoza juu ya nguzo, zimepinda na kushika kutu, zikingoja. Nilikusudia kuchomelea kitako changu kwenye nondo hizo. Nilizunguka kona zote. Nguzo zilikuwa zimekatwa sawasawa na kupigwa plasta laini. Hapakuwa na nondo hata moja.

Jioni nilimfuata dukani kwake.

"Baba, nondo za ghorofa ya pili ziko wapi?"

Aliendelea kufunga mzani kwa kitambaa. "Wewe umeletwa kufunga kiyoyozi."

"Natafuta pa kushikiza mashine."

"Shikiza kwenye zege. Fanya kazi iliyokuleta."

Nikashikiza kwenye zege. Nilitoboa, nikamwaga zege la kitako, nikalaza mabomba ya shaba mpaka vyumba vyote vinne, nikatanua midomo ya mabomba, nikakaza, nikanyonya hewa yote iliyomo, nikafungulia gesi. Siku ya kujaribu, vichwa vyote vinne vilipumua joto laini. Baba mkubwa alisimama chini ya kimoja akiwa na kofia yake mkononi, akafunga macho kama mtu anayeombewa. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kumwona akitabasamu. Meneja alikuwa anakuja kesho yake kukagua, na kufuli jipya lilikuwa limeshaning'inia kwenye komeo la mlango wa juu, likiwa wazi.

Mama mkubwa alilipita kufuli lile asubuhi iliyofuata bila kuligusa, ungo ukiwa kichwani. Upepo ulikuwa mzuri, uwele ulikuwa umekauka, na labda alihesabu kwamba hiyo ndiyo mara yake ya mwisho. Mimi nilikuwa chini nafuta alama za mikono yangu ukutani.

Kichwa cha chumba cha kwanza kikaanza kutoa hewa vuguvugu. Baadaye ikawa baridi. Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka. Nikakimbilia chumba cha pili, hivyo hivyo. Nilipofika kwenye ngazi nikakuta baba mkubwa ameshanitangulia.

Mashine inapotoa joto ndani, mgongo wake wa nje hupoa na kutoa jasho. Ndivyo ilivyo, haina ubaya. Lakini mgongo ule wenye vibati vyembamba vilivyosongamana ulikuwa umefunikwa wote na makapi ya uwele, yamelowa, yamegandamana kama ukoko wa ugali. Hewa haikuwa na pa kupita. Na katikati ya paa mama mkubwa alikuwa ameinua ungo, anamwaga uwele taratibu, na upepo wa mashariki ulikuwa unayachukua makapi yote na kuyapeleka moja kwa moja kona ya magharibi.

Hapo nikaelewa kwa nini hakuanika kitu pale kamwe. Mwanamke yeyote wa Kinyaturu angejua. Ile ni kona ya makapi. Alinipa sehemu isiyomfaa mtu, naye hakudhani kwamba chuma kinavuta pumzi.

Baba mkubwa hakutaka kuelewa lolote.

"Umefanya makusudi!"

Mama mkubwa alishusha ungo. "Nimefanya nini?"

"Meneja anakuja leo. Leo! Umesubiri leo ndiyo upepete!"

"Upepo umekuja leo."

"Shuka."

"Uwele wangu..."

"Shuka, nimesema!"

Ili kumkinga nikasema baba, kona ile niliichagua mimi, kosa ni la upepo. Aligeuka akanitazama kwa namna ambayo tangu nikiwa mtoto sikuwahi kutazamwa naye. Mama mkubwa alijiinua kwa shida. Sikuthubutu kumshika, maana uso wake ulinikataza. Alishuka ngazi kwa kuegemea ukuta, ungo kwapani, na nyuma yake nikasikia mlango unafungwa na kufuli linabana. Uwele ulibaki juu, turubai wazi, na ndege wa Singida hawahitaji kualikwa.

Mama mkubwa hakulia, wala hakupiga kelele. Alikwenda chumbani kwake, akatoka na begi ambalo bila shaka lilikuwa limefungwa tangu zamani, akafunga ungo juu yake kwa kipande cha kanga, akakaa kwenye ngazi. Akamtuma mtu wa dukani akamwite dereva wa pikapu anayekwenda mnada wa Mtinko. Nilipiga magoti mbele yake.

"Mama, huko utakaa na nani? Nyonga hiyo nani atakuchotea maji?"

"Huko nikitaka kutoka nje, natoka."

Niliogopa. Naandika hivi wazi kwa sababu siku ile nilijifanya nina hasira tu: niliogopa kwamba akipanda gari lile sitamwona tena akiwa hai, na kwamba mashine itakayokuwa imemwondoa nimeifunga mimi kwa mikono yangu.

Baba mkubwa alinifungulia mlango wa juu nikasafishe. Alisimama kizingitini, rundo la funguo za jengo zima mkononi. Nilichukua brashi na maji nikaanza kuyatoa makapi, taratibu, kibati baada ya kibati, maana ukivipinda umeua mashine. Njiwa walikuwa wameshajaa kwenye turubai. Niliwafukuza, wakarudi. Baba mkubwa aliwatazama wakila.

Meneja akaja akiwa amejifunga skafu mpaka masikioni. Alikuwa mtu mpole, na upepo ulipompiga alishika ukuta.

"Fundi, wameniambia imezima. Itakuwa inazima hivi kila siku?"

"Itazima isipopata mtu wa kuiangalia," nikasema. "Huu ni mji wa vumbi na makapi, bosi. Kila nyumba hapa wanapepeta. Mgongo wa mashine lazima upigwe brashi kila asubuhi. Awepo mtu anayekaa humu humu, anayeujua upepo wa huku juu, na awe na ufunguo wake."

Maneno hayo hayakuwa ya uongo. Niliyatia chumvi, lakini chungu chenyewe kilikuwa cha kweli.

"Fundi atapanda," baba mkubwa akadakia.

"Mimi nakwenda Itigi, nina friji za watu zinasubiri."

"Basi mtu huyo yupo?" meneja akauliza.

"Yuko kwenye ngazi. Anasubiri gari la Mtinko."

Kama vile limeitwa, honi ikalia barabarani.

Tulishuka wote watatu. Mama mkubwa alikuwa ameshasimama, mkono mmoja ukutani. Meneja akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, na baridi hii umevaa kitambaa cha shingo tu?"

Alicheka, kisha akamweleza, kwa adabu, kwamba mashine yake inahitaji mwangalizi na fundi amemtaja yeye, na kwamba sharti la kufuli haliwezi kumhusu mwangalizi. Nilishusha pumzi. Nilidhani tumepona.

"Sikuja mjini kuchunga chuma," mama mkubwa akasema. "Na ufunguo wa kuazimwa siutaki, leo napewa, kesho nanyang'anywa. Kama mlango ule ni wake, aufunge. Kama ni wangu, anipe yeye kwa mkono wake."

Sote tukamgeukia baba mkubwa. Funguo zilikuwa zinagongana mkononi mwake. Dereva wa pikapu alipanda, akasalimia, akalichukua begi pamoja na ungo, akashuka nalo. Tulizisikia hatua zake mpaka chini. Mama mkubwa akaniashiria nimshike mkono ashuke. Sikumpa mkono. Hasira niliyoimeza tangu siku ya kamba ikatoka yenyewe.

"Baba! Mwambie nondo ziko wapi!"

Mtu hamkemei baba yake mkubwa mbele ya mgeni. Nilitegemea kofi.

"Nondo gani?" mama mkubwa akauliza.

Chini dereva alipiga honi tena.

"Za ghorofa ya pili," nikasema. "Nimetafuta paa zima. Hakuna."

Mama mkubwa alimtazama mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mlango ufungwe kumwongelesha mwenyewe. "Si ulisema utaongeza ghorofa?"

"Niliwaambia watu," akasema baba mkubwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwa nimewahi kuisikia hivyo. "Walikuwa wananicheka. Ningewaambia nini?"

"Kwa hiyo hukupiga bati kwa nini?"

Alihangaika na rundo la funguo, akitafuta moja. Alijibu akiwa anatazama funguo.

"Ningepiga bati, ungeanika wapi?"

Meneja aligeuka akatazama ukuta. Mimi sikuwa na pa kutazama.

"Na Mtinko hakuna nyumba," baba mkubwa akaendelea, haraka sasa. "Tembe liliporomoka masika. Lote. Nilikwenda nikaliona, nikashindwa kukwambia. Nilisema nenda nikijua hakuna pa kwenda. Nisamehe."

Ufunguo ulichomoka kwenye pete. Akauweka kiganjani mwa mkewe, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili. Mama mkubwa alimwambia maneno machache kwa Kinyaturu, maneno yao, nami nitawaachia. Halafu akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga.

"Mwambieni dereva anirudishie ungo wangu," akasema. "Ndege wanamaliza uwele."

Siku iliyofuata nilisafiri kwenda Itigi. Niliporudi nilipita kukagua mashine, nikamkuta baba mkubwa amekaa kwenye ngazi, mlango wa juu umekomewa kwa upande wa paa, brashi yangu ya vibati iko mapajani mwake. Nikamwamkia, nikamuuliza anafanya nini hapo.

"Nasubiri kusafisha mashine," akasema. "Mwenyewe amesema nisimsumbue mpaka amalize kupepeta."